Mtoto wa Ziwa kwenye Maji ya Baridi

Jumatano, 20 Septemba 2017

Mdomo wangu umeniponza. Rafiki yangu Alain kaja karakana yangu ya kushona, Jeppestown, mchana, mimi nimezama kwenye magauni ya sikukuu ya Heritage Day, kila mteja anataka yake leo leo. Akasema wikiendi hii ndefu tunakwenda Clarens, huko milimani karibu na Lesotho, kuendesha kayaki kwenye maji makali. Walinzi wenzake wa Midrand walikwenda, wakarudi wanajisifu mwezi mzima.

Jioni tukamweleza Chloé, jirani yangu hapa Bellevue. Msusi, mtu wa Lubumbashi, kanizidi miaka saba na namwita yaya, dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Alikataa katakata. Maji anayaogopa tangu utotoni. Halafu akageuka ghafla: atakwenda, lakini boti moja na mimi. “Ilde ni mutoto wa lac. Mayi inamujua.”

Mtoto wa ziwa! Na mimi nikacheka! Nikasema hakuna shida, yaya.

Ukweli — humu hakuna wa kunisikia — sijui kuogelea. Hata kidogo. Nilizaliwa Rumonge, sawa, ziwa liko mlangoni. Lakini nilitoka pale mgongoni mwa mama, nina miezi minne. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na maji niliyoyajua ni ya dumu na foleni yake. Hapa Joburg ukisema Rumonge, watu wanakumalizia wenyewe: mitumbwi, samaki, kupiga mbizi. Miaka mitano naitikia tu. Inapendeza kuwa mtu wa mahali fulani.

Ijumaa, 22 Septemba

Tumefika jua halijazama. Baridi! Alain katoka garini na kaptula, akarudi garini. Wanasema maji ya mto huu yanatoka Lesotho kwa handaki refu chini ya milima, na hayapati joto hata Desemba. Nimetia kidole. Naamini.

Kiongozi wetu anaitwa Lebohang, Msotho, mpole. Katugawia fomu. Swali la nne: Unajua kuogelea? Chloé alikuwa begani kwangu, anapumulia shingoni. Nikaandika Ndiyo. Yeye akaandika Hapana, kwa herufi kubwa, akanigonga bega kama mtu aliyekwisha okoka.

Kisha tukajaribu majaketi ya kuelea. Mimi macho yangu huenda kwenye mshono kwanza, ni ugonjwa wa kazi. La kwangu zima. La Chloé — mkanda wa kiunoni umeshikwa na nyuzi tatu! Nikamwonyesha Lebohang. Akashtuka, akaomba radhi, akaleta jingine, lakini lilikuwa pana, Chloé anaingia mara mbili. Basi nikatoa sindano yangu kwenye ukosi, inapokaa siku zote, na uzi wa nta. Nikashona mkanda mara nne, kwenda na kurudi. Lebohang akauvuta kwa nguvu zake zote, hata akaweka mguu. Haukusogea. “Sharp,” akasema, yaani safi kabisa.

Kushona najua. Hapo sikudanganya mtu.

Jumamosi, 23 Septemba

Tuko hai! Tuko hai, Mungu wangu asante.

Nitaandika kwa mpangilio kama mkono utakubali, vidole bado vimekufa ganzi. Maporomoko mawili ya kwanza tulipita vizuri. Chloé anapiga kelele mbele, mimi napiga kasia nyuma, hata nikaanza kufurahi. La tatu likatugeuza ubavu, boti ikapinduka. Sikuona chochote. Baridi ilinikamata kifua, pumzi ikakataa, na kichwani neno moja tu: Ndiyo. Ndiyo yangu ya kwenye fomu.

Halafu jaketi likanirudisha juu. Mkono wangu ulikuwa umeshika kitu, nikakishikilia kwa nguvu zote. Mkanda wa Chloé. Ule ule! Tukateremka hivyo, yeye anaelea, mimi nimemng'ang'ania kama kupe, mpaka Lebohang akatutupia kamba.

Ukingoni yaya alilia, akacheka, akanikumbatia. “Hukuniacha, Ilde. Hata dakika moya.”

Ni kweli. Sikumwacha. Hakuna aliyejua ni nani aliyemshika nani.

Supu ya moto, blanketi, jua la mlimani. Alain ananiita kapiteni, sha kapiteni, yaani mwenzangu kapiteni. Nimefarijika. Nikafikiri yamekwisha, siri itazeeka na mimi. Ndipo Chloé akamaliza kuongea na mwanawe kwenye simu. Chris, miaka tisa, anamjibu Kiingereza tupu. Akaniambia kwa furaha: “Mara ingine nitamuleta Chris. Atapanda na weye.”

Nikaweka bakuli la supu chini: mtoto wa miaka tisa, mikononi mwangu!

Jumapili, 24 Septemba

Asubuhi, jua kali, barafu kidogo kwenye nyasi. Naandika nikiwa juu ya jiwe, suti ya mpira imenibana hadi shingoni.

Leo ni sehemu nyingine ya mto, ndefu zaidi, kwa hiyo fomu nyingine. Nimejaza jina. Nimejaza umri. Swali la nne nimeandika Hapana. Nimejisikia mwepesi kama siku ya kukabidhi nguo ya harusi. Naweza kucheka mwenyewe hapa.

Lebohang anafunga boti, kamwomba Chloé akusanye fomu na kuangalia kama kuna mahali patupu. Amechukua ya Alain, akaisoma yote mpaka chini. Sasa ameshika yangu. Jaketi kalivaa tayari, mkanda nilioushona umemkaa sawasawa.

Amesoma jina, akatabasamu. Kidole chake kinashuka. Kimefika swali la tatu —