Sketi za Maharusi Waliokufa

Thamesmead, London
10 Novemba 2024
Kwa mkono wa Harith

Mamaangu mpenzi,

Asalamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamepoa, na masikio, ingawa yamegoma kusikia simu, adhana bado yanaisikia. Sisi huku hatujambo. Haifa anakusalimu bibi yake. Kiswahili anakifahamu chote, ila akijibu ni Kizungu tu. Harith wa ghorofa ya chini anakuja Unguja kuona wazee wake, nami nimemkamata mlangoni nimpe hii. Jina la mchukuzi nimeliweka juu kama ulivyonifunza, ili ujue nani wa kumshukuru.

Mama, nimechoka. Karakana yetu ya kushona imepata kazi ya baleti, ile ngoma ya Kizungu ya kuchezea ncha za vidole, na wakubwa wanataka nguo zote ziwe kama za miaka ya 1830. Si vile visketi vifupi ulivyoviona kwenye televisheni ukakasirika. Hizi zinateremka mpaka nusu ya muundi, nyeupe, tabaka juu ya tabaka, zimefutuka kama chandarua kilichoingiwa na upepo. Mabega wazi, nywele zimegawanywa katikati zikafunika masikio, koja la maua kichwani, na mgongoni vibawa viwili vidogo. Hadithi yenyewe ni ya maharusi waliokufa kabla ya harusi. Wako ishirini na wanne, na wote tunawashonea mimi na Serah, Mkenya mwenzangu.

Tom, mkuu wetu, anasema zamani majukwaa yalikuwa na taa za gesi, na sketi kama hizi zilishika moto, wasichana wakaungua. Dawa ya kuzuia moto ilikuwepo. Lakini iliutia weupe umanjano na kitambaa kikakakamaa, basi wengi wakaikataa. Alituhadithia huku tunashona, kama kwamba hadithi hiyo ndiyo chai yetu ya saa kumi.

Shida yangu ni vitundu. Bodisi, sehemu ya juu ya nguo, inafungwa mgongoni kwa kamba, na Tom anataka vitundu vya kamba vishonwe kwa mkono, thelathini kila nguo. Vyangu vinachanika mchezaji akikazwa. Wewe umeshona kofia za viua, zenye vitundu vya nakshi, miaka hamsini, nifunze tena. Na safari yangu sijaisahau. Kazi hii ikisha tu, nakuja kabla ya Ramadhani, inshallah.

Mwanao,
Sheikha


Kikwajuni, Unguja
3 Desemba 2024
Kwa mkono wa Harith, arejeapo

Mwanangu Sheikha,

Waalaykumu salamu, na marahaba. Mie sijambo. Magoti hayajapoa, ila tumezoeana. Mpe Haifa salamu zangu, na mwambie Kizungu chake nakipokea, mradi anisalimie.

Vitundu vinachanika kwa sababu unakata. Sijaviona lakini najua. Nani kakwambia ushike mkasi? Chukua kijiti chenye ncha, toboa, zungusha, nyuzi zisogee pembeni. Uzi uliosogezwa hurudi ukakaza, uliokatwa haurudi. Kisha zungushia uzi wako karibu karibu, wala usivute kwa hasira. Wewe ulikuwa ukivuta kwa hasira tangu una miaka tisa.

Wale wasichana wa moto nimewahurumia mpaka machozi yamenilenga. Lakini na wewe unaungua, mwanangu, na taa ya gesi huna. Mwaka wa saba huu. Kwanza yalikuwa mavazi ya wafalme, tena ya ndege, sasa ya maiti, na kila moja likisha tu unakuja. Wanasema kawia ufike. Wewe umechukua la kawia, la ufike umeniachia mie.

Njoo nikuone.

Mamaako,
Ummukulthum


Kikwajuni, Unguja
26 Januari 2025
Kwa mkono wa Sufian

Mwanangu Sheikha,

Salamu nyingi, na natumai baridi haijakushika kifua. Mie naendelea.

Bi Miska uliyemtuma kafika salama, kanikabidhi kifurushi chako. Nimekikung'uta kutafuta barua, sikuiona. Kitambaa cheupe tu, kimekunjwa vizuri.

Nimefahamu. Jirani yangu mwanawe alimletea sanda yake kutoka Makka, naye kila Ijumaa huitoa akatuonesha. Sikuwahi kukwambia kwamba nilikuwa namwonea kijicho. Sasa nami ninayo. Nimeirowesha kwa zamzam, nimeianika ndani, nimeitia kafuri nikaifungia sandukuni. Jirani nimemwonesha ufunguo unapokaa.

Umeona hutowahi kuja, ukaona bora utangulize nguo. Sikukasirika. Radhi zangu unazo zote, za dunia na akhera.

Mamaako,
Ummukulthum


Thamesmead, London
6 Februari 2025
Kwa mkono wa Asad

Mama! Shikamoo, na unisamehe.

Si sanda. Wallahi si sanda! Ni melimeli iliyobaki kwenye sketi, mita sita, Tom kaniruhusu niichukue, nikasema Mama atakata kofia. Siku ile nilirudi kutoka kazini sijijui sijitambui. Nilifunga kifurushi huku nasinzia, barua nikasema nitaandika kesho, na Bi Miska akaondoka asubuhi yake. Basi ndiyo hayo.

Barua yako nimeisoma karakanani, nimelia mbele ya watu wote. Nimempigia simu jirani. Kasema u mzima, unachambua mchele, na ulipoambiwa ni mimi ukapunga mkono tu. Mama, nani hupunga mkono mwanawe akilia?

Vitundu vimekubali. Tom kavuta kamba kwa nguvu zake zote, hakikuchanika hata kimoja. Nilitaka kukwambia hilo kwa furaha, na sasa furaha yenyewe sina.

Onyesho linafunguliwa tarehe kumi na nne Machi, na bodisi tisa hazijashonwa. Haifa kaniambia, “Mum, just go,” yaani niondoke tu. Hajui kazi ni nini. Kabla ya Ramadhani haitowezekana tena, lakini Idi nitakuwa kwako, naapa. Kitoe kitambaa hicho sandukuni, nakuomba. Silali nikikifikiria.

Mwanao,
Sheikha


Kikwajuni, Unguja
15 Februari 2025
Kwa mkono wa Asad, arejeapo

Mwanangu Sheikha,

Marahaba. Kaa kitako kwanza, ndiyo uendelee kusoma.

Najua si sanda. Nilijua tangu nilipofungua kifurushi. Sanda ni bafta. Hii ni melimeli, nikiweka kiganja nyuma yake nahesabu vidole vyangu. Mie niliyekata vitambaa miaka hamsini nikosee hilo? Zamzam sikuimwaga, Mungu anisamehe kwa kuitaja bure, na jirani hana habari ya ufunguo wowote.

Nilikudanganya. Miaka saba nimekuandikia njoo, na neno hilo umeshalizoea, halikustui. Basi nikatafuta neno zito kuliko yote niliyonayo. Nilijisemea, akilisoma hili atakuja na sindano zake bado kifuani.

Umelia, umeapa, umejaza karatasi. Hukuja. Hata sanda haikukuleta, Sheikha, na mie sina neno jingine baada ya hilo.

Kwenye melimeli yako nimekata kofia moja. Viua nimeshona upande mmoja, wa pili nimeuacha. Siumwi, usitishike. Nimechoka kungoja tu. Habari za Idi usiniandikie tena.

Mamaako,
Ummukulthum


Thamesmead, London
20 Februari 2025
Kwa mkono wa Sheikha

Mama, shikamoo.

Bodisi tano zilizobaki nimemwachia Serah, na kijiti changu nimemwachia pia. Tom kasema nikiondoka sasa maharusi wake watapanda jukwaani migongo wazi. Nimemwambia wao wameshakufa, wanaweza kungoja.

Haifa nakuja naye. Mchukuzi wa barua hii akibisha hodi, usimshukuru. Mpe ile kofia.

Mwanao