Mlango wa Falcon ya Merv

Col, juzi kikaoni walipopiga kura kuhusu gari la Merv ulijifanya unakula pai. Nilikuona.

Sasa hivi nimetoka karakana ya klabu yetu ya magari. Trevor ameshika msasa, anataka kuipiga rangi upya Falcon, gari la mbio la marehemu Merv. Ile iliyobamiza ukuta kwenye mbio za Bathurst, mlango ukabonyea, na bado Merv akamaliza mbio!

Glenys, mjane wake, akamwambia, "Usiuguse mlango. Hapo palipobonyea ndipo Merv wangu alipobaki."

Trevor akacheka. "Bi Glenys, watu wanakuja kuona gari, siyo ajali."

Siyo ajali! Mbele ya mjane!

Hata walipofunga kiwanda cha Falcon ulisema tusubiri. Tulisubiri nini? Nimechoka kupiga kelele peke yangu, Col.

Trevor ameuweka msasa chini, ameenda kula. Ufunguo unao wewe. Nenda ukafunge karakana, sasa hivi.