Mnyama wa Kale Anapoteza Mkia

Kabras, Alhamisi, Mei 2, 1996

Mvua imeanza alasiri kama kawaida yake, na miwa ya jirani imelala yote upande mmoja. Nina furaha na ninataka kulia. Sijui kama mtu aliyeolewa Februari anaruhusiwa kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Wekesa wangu! Naliandika jina hili huku nikitabasamu peke yangu. Anafundisha historia kule Likuyani na huja mwisho wa mwezi tu. Mimi siwezi kumfuata, maana bibi harusi wa hapa hupikia kwanza katika jiko la mama mkwe, mpaka siku atakapopewa mafiga yake mwenyewe. Yangu bado. Basi napika, nangoja, nanusa shati alilosahau nyuma ya mlango.

Jumapili, kabla hajaondoka, tulishuka pamoja chemchemini. Nilipochota maji, ndani ya ndoo kulikuwa na kitu. Urefu wa kidole changu, mwili mwangavu hata unaona matumbo, masharubu mawili kama ya kambare, mkia wa samaki. Na miguu minne! Nilipiga kelele. Nilikumbuka picha katika kitabu cha bayolojia cha kidato cha tatu: mnyama wa kale aliyetoka majini akaja nchi kavu kabla ya wengine wote, kisha akatoweka duniani.

"Ndiye huyu," nikasema.

Wekesa alinitazama mimi, wala si mnyama. "Kumbe nimeoa profesa."

Akaniahidi kwamba ataomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, arudi Jumamosi hii pamoja na mwalimu wa bayolojia, amtambue mnyama wetu. Jumamosi hii! Si mwisho wa mwezi! Nilimweka kiumbe wangu katika karai chini ya ghala, nikamlinda dhidi ya kuku kama mtoto mchanga.

Juzi mkia ulionekana mfupi. Nikajiambia macho yananidanganya. Jana masharubu yalikuwa yamesinyaa. Leo asubuhi mdomo umepanuka, macho yamepanda juu ya kichwa, na mkia umebaki kama kijiti.

Ni chura.

Ni yule chura wa majini mwenye kucha za nyuma, aliyejaa kila mfereji wa hapa. Ni vile tu sikuwahi kuinama nikamtazama akiwa bado kiluwiluwi.

Mama mkwe alinikuta nimechuchumaa kando ya karai. "Wewe msichana, bado unaangalianga hiyo kitu? Ikimaliza kukua itakusaidia kuchota maji?" Nilicheka naye, kisha nikageuka nipanguse macho.

Kwa kweli nilifikiria kunyamaza. Ningenyamaza, angekuja. Ningesikia baiskeli yake ikishuka njia ya miwa, ningemkaribisha chai, na hayo ya chura yangefuata baadaye. Lakini nikamwona amesimama mbele ya mwalimu mwenzake, chura anamkodolea macho kutoka kwenye karai, na Jumatatu shule nzima inamwita Bwana Chura. Mume wangu mwenye suruali iliyonyooshwa! Hapana.

Jirani yetu Baba Rose huendesha lori, na kesho anakwenda Likuyani kuchukua mahindi. Nilimkimbilia mvuani alipokuwa akiligeuza pale langoni petu.

"Mwambie Wekesa ni chura tu. Asijisumbue kuja na mwalimu."

Nilitaka kuongeza: aje peke yake. Aje hata kwa saa moja. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote, na mtu ataanzaje kumwambia dereva maneno kama hayo mbele ya mama wa mumewe? Nikasogea kando. Lori likaanza kuondoka.

Ndipo mama mkwe akapaza sauti, "Baba Rose! Mwambie pia bibi yake hakulangi siku hizi! Amekonda!"

Mimi! Mimi niliyemaliza obusuma, ugali wetu, sahani mbili mchana, mbele ya macho yake!

Sikubisha. Alirudi jikoni bila kunitazama, akaniachia moto nikoleze.

Sasa mvua imepungua. Je, mwalimu mkuu humpa mtu ruhusa kwa sababu ya mke tu, bila mnyama wa kale? Sijui. Jumamosi nitavaa lile gauni la buluu, hata hivyo.