Nukta Mbili

Bwera, 11 Juni 2013

Kwako kaka Benon,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa macho ya baba. Siku hizi hata mimi ananijua kwa sauti. Naimah hajambo? Namsalimia, ingawa sisemi kwa niaba ya nyumba nzima.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kitabu cha baba cha methali kimekwama, naye anataka kukishika mkononi angali hai. Kila asubuhi ananiuliza kama kimetoka. Ile kompyuta uliyoniachia inasema haioni faili ya fomati. Kwenye simu ulisema niandike nukta, halafu nukta mbili. Nikaandika moja, nikaongeza mbili, zikawa tatu. Bado haioni. Nimechoka kuitukana.

Nisikufiche: ulipomwoa Naimah bila kumwambia baba, alinitamkia utangulizi mpya wa kitabu, nikaandika. Jina lako halimo. Ule wa kwanza sikuwa na moyo wa kuufuta, bado uko kwenye folda ya zamani.

Dada yako,
Docus

Kasese, 17 Juni 2013

Mdogo wangu Docus,

Barua yako ameniletea Sophie, jirani yenu, hapa kazini, katikati ya kuchapa kadi za harusi. Nimeisoma nikicheka, mwishoni sikucheka. Sisi wazima. Nimefurahi kusikia mzee bado ana nguvu za kukusumbua.

Mwalimu mzima umeshindwa na nukta. Nukta mbili ni alama moja, nukta imekaa juu ya mwenzake, hivi : na kazi yake ni kutenganisha folda na folda. Fomati ni yale ambayo mashine ilifundishwa mapema ikayaweka. Isipoyaona haiwezi hata kuanza kazi. Andika:

TEXFORMATS=.:/home/docus/fomati:

Nukta ya kwanza ni "hapa ulipo". Nukta mbili ya mwisho usiiondoe, maana yake "kisha tafuta pale pa kawaida". Mstari wa pili unaionyesha pa kutafuta maandishi yenyewe:

TEXINPUTS=/home/docus/zamani:/home/docus/sasa:

Fuata mpangilio huo huo, usiugeuze.

Kaka yako,
Benon

Bwera, 22 Juni 2013

Kaka,

Natumaini mu wazima. Kitabu kimetoka, na mimi ndiyo kwanza nimechanganyikiwa.

Nilimsomea baba kuanzia ukurasa wa kwanza. "Methali hizi nimemwandikia mwanangu Benon, aliyeniuliza maana zake tangu mdogo." Nilishalitamka jina lako ndipo nikashtuka. Kumbe ni utangulizi ule wa kwanza. Nimefungua folda ya sasa, utangulizi mpya umo, sikuugusa. Nikichapa, unatoka wa zamani. Sielewi.

Nikasema ni makosa ya kompyuta. Baba akauliza nani aliitengeneza, nikamwambia ni wewe. Akasema, "Uulize ule mutoto. Alikosa, ao alifanya kusudi? Kama alikosa, ondoa ile karatasi. Kama ni kusudi, akuje aniambie ye mwenyewe."

Hataki nichape nakala nyingine mpaka ujibu. Kaka, nimwambie nini?

Dada yako,
Docus

Bwera, 6 Julai 2013

Kaka,

Je, barua yangu ilifika? Wiki mbili sasa. Sophie anasema alikukabidhi mkononi. Nikipiga simu hupokei, sijui kama unaumwa au umekasirika.

Jana baba hakuuliza habari za kitabu. Leo amesema, "Ondoa tu." Sauti yake sikuipenda. Nimemwomba angoje hadi Jumamosi ijayo, nikasingizia wino umekwisha. Mimi si hodari wa kudanganya.

Docus

Kasese, 10 Julai 2013

Docus,

Usiondoe.

Faili mbili zikiwa na jina moja, mashine huchukua ile inayoiona kwanza, ikishaipata haitafuti tena. Nilikuwa najua hivyo nilipoitanguliza folda ya zamani. Miaka miwili nimetafuta maneno ya kumwambia mzee nimekosa, ndipo nikaona niazime yake. Baada ya barua yako niliona aibu, na hofu pia. Naimah ndiye aliyeniambia kwamba mtu haitwi mara tatu nyumbani kwa baba yake.

Jumamosi tunakuja wote wawili. Mwambie ni kusudi. Naimah ameanza kufunga, kwa hiyo chakula chake kiwekeni mpaka magharibi.

Kaka yako,
Benon