Ndovu Tuliyemgombania

Voi,
Jumapili jioni.

Kwako Kaka Ronald,

Pokea salamu zangu kutoka hapa kwenye vumbi letu. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Nakuru. Sisi hatujambo. Mama yuko kwangu, ameshuka kutoka Wusi kuja kliniki ya macho. Macho yanaendelea vizuri. Mdomo nao haujawahi kuugua, unamjua mwenyewe.

Ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hushiki na WhatsApp umenifungia. Mtu mzima na ndevu zake! Nisome hadi mwisho, halafu unune tena ukipenda.

Kwenye harusi ya binamu yetu Nicholas kule Mwatate ulishika maiki ukawasimulia watu jinsi ulivyokutana na ndovu ukiwa mtoto, penye birika la ng'ombe kwa mjomba kule Ndara. Ukakwama topeni, ukajinasua na kuacha gambuti moja nyekundu ya mpira, naye ndovu akaiokota kwa mkonga akaitikisa kama njuga. Watu walicheka hadi wakamwaga soda. Mimi nilishindwa kuvumilia, maana hadithi ile nilijua ni yangu. Tope lile nalisikia mguuni hadi leo. Kope za yule ndovu nazikumbuka, ndefu na zimejaa vumbi. Ndipo nikasimama nikakuita mwizi wa hadithi, nawe ukanijibu mbele ya wakwe kwamba tangu utotoni nataka kila kilicho chako. Tulizozana hivyo hadi emsii akatuwekea muziki. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba Mama ameinuka na kutoka hata kabla keki haijakatwa.

Nimechoka na jambo hili, Ronald. Hata mama anayeniuzia mboga ananiuliza kama nimerudishiwa ndovu wangu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, shule zimefungwa na Shanice amerudi na katuni kwenye flashi. Inahusu msichana ambaye kichwani mwake mna jiko kubwa, na wapishi ni hisia zake: Furaha, Woga, Hasira na Huzuni. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa kwenye chupa. Chupa ikifunguliwa, mpishi wa zamu huongeza kitu chake kabla ya kuifunga, kwa hiyo hairudi rafuni vile ilivyotoka. Binti yangu ameitazama hadi imemwingia kwenye damu. Nikimwita aoshe vyombo, ananiuliza nani anapika kichwani mwangu sasa hivi. Nikimwambia nimechoka, ananijibu kwamba uchovu si hisia. Nilitamani kuitupa ile flashi chooni.

Jana aliiweka ili nyanya yake naye aone. Mama hakunyamaza hata kidogo. Mbona wapishi hawana aproni? Stima ya jiko hilo analipa nani? Nilikuwa karibu kuzima televisheni. Kisha ikafika mahali ambapo wapishi wengine wanachoshwa na Huzuni, wanamfungia stoo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye chupa. Jiko linachangamka kweli, lakini majina yanaanza kubanduka, na yule msichana anabaki na wimbo kichwani asijue ni nani aliyemwimbia.

"Shanice, simamisha hapo," Mama akasema.

Nilidhani macho yanamuuma. Akanitazama, akaniambia kwamba wewe na mimi hatukuwahi kumwona ndovu yeyote kule Ndara. Aliyemwona ni Mwandawiro.

"Mwandawiro wangu," akarudia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

Wewe na mimi tumejua tu kwamba tulikuwa na kaka mkubwa aliyefariki tungali wadogo, basi. Mama alieleza kwamba likizo ile mjomba alimchukua Mwandawiro peke yake. Wewe ulikuwa na surua, mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Alirudi na gambuti moja. Tulipoanza kuelewa maneno, kila jioni alitusimulia kitandani, akitufunga miguu kwa blanketi iwe kama tope, kisha anakuwa ndovu, nasi tunapiga kelele arudie. Halafu homa ya uti wa mgongo ikamchukua upesi. Mama hakuweza kulisikia jina lake. Picha alizichoma. Aliwaambia Baba na jamaa wote kwamba atakayemtaja asikanyage kwake tena. Lakini sisi tuliendelea kusimuliana ndovu, naye akitusikia kutoka chumba cha pili. Hakuwa na moyo wa kutuzuia.

Siku ya harusi alikaa nyuma ya hema juu ya kreti ya soda, akalia kilio ambacho hakukilia hata kaburini.

Kaka, nilikasirika. Nilimuuliza ni kwa haki gani alitunyang'anya ndugu yetu. Alisema alidhani anatukinga, kumbe alikuwa anajikinga mwenyewe. Shanice alikwenda akamshika nyanya yake mkono.

Baadaye Mama aliniomba nimsimulie jinsi Mwandawiro alivyokuwa akisimulia. Nilianza vizuri, nikafika kwenye gambuti, nikakwama. Sikukumbuka hadithi iliishaje. Nikakumbuka kwamba harusini ulisema ndovu alikumwagia maji mwili mzima kisha akakupa mgongo akaenda zake, nami nikapaza sauti kwamba huo ni uongo. Mama akasema hapana, ndivyo hasa mtoto wake alivyokuwa akimalizia.

Kwa hiyo njoo, na uache kununa. Lile tuta karibu na migomba kule Wusi, tulilokuwa tukilirukaruka tukicheza bila kukatazwa, ndilo kaburi lake. Mama anataka tuweke msalaba wenye jina. Anataka uisimulie hadithi yote pale, mbele ya ukoo mzima, ila safari hii uanze kwa kusema ni ya nani.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na unifungulie hiyo WhatsApp. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi dada yako, ambaye hasira bado hazijamwisha,

Peris