Gari Lenye Breki Mbili

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu wenzangu ninaokaa nao walianza kwa kucheka na sasa hawacheki tena, mmoja wao hata kupita upande lilipoegeshwa gari langu ameacha. Mimi ni mfanyakazi wa machimbo ya mawe, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo kalamu ikiyumba nivumilie. Huu ni mwaka wa saba niko mbali na nyumbani. Nina mke na binti mmoja, nilimwacha hajang'oa jino la kwanza na sasa ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Tunakaa watatu chumba kimoja, mimi, mchomeleaji wa vyuma, na mtunza stoo tunayemwita Kasuku kwa sababu hata usingizini anaongea. Siku ya mapumziko hatuna pa kwenda, basi tukabuni mchezo wetu. Tunazunguka yadi za magari yaliyotumika tukitafuta gari la ajabu kuliko yote, hatununui, tunatazama tu na kuuliza maswali ya kijinga, na atakayeliona la ajabu zaidi wiki hiyo hafui, anafuliwa. Tumeona gari la magurudumu matatu ambalo mlango wake ni uso wote wa mbele, unaingia kama unaingia kabatini. Tumeona gari la wagonjwa lililogeuzwa la kuuzia aiskrimu, bado lina ndoano za kutundikia dripu. Kasuku alifuliwa mwezi mzima kwa ajili ya basi lililokatwa nusu na kuzibwa nyuma kwa mlango wa nyumba, na kitasa chake. Ni furaha ya wasio nacho, mshauri, lakini ni furaha, unarudi umechoka kwa kucheka siyo kwa mawe.

Halafu mimi nikaliona lile. Lilikuwa nyuma kabisa ya yadi, jeupe, dogo, paani lina matundu manne ya skrubu palipokuwa na kibao, na ndani lina kanyagio pande zote mbili, kwa dereva breki na klachi, kwa abiria wa kushoto breki na klachi, na juu vioo viwili badala ya kimoja. Gari la shule ya udereva. Zulia la kushoto limelika pale kisigino kinapokaa, shimo dogo la mviringo, la kulia ni zima. Dalali akasema, "Hili halijawahi kukimbizwa, kaka. Maisha yake yote limeendeshwa na waoga." Tukacheka sana. Mchomeleaji akauliza, "Na mwalimu wake yuko wapi?"

"Mwalimu amestaafu."

"Anaishi hapa hapa mjini?"

Dalali akapangusa vumbi kwenye boneti kwa mkono wa shati lake, akasema, "Nimekwambia amestaafu," akahamia kwenye gari jingine.

Ningeishia kufuliwa nguo, lakini nilipokaa kwenye usukani nilimkumbuka binti yangu, maana siku naondoka nilimwambia nitarudi na gari letu, ili aache tu kulia, na mtoto ukimwahidi kitu anakiweka kama mkaa ndani ya majivu. Nikalinunua, kijana wa yadi akaniletea mpaka kambini. Mke wangu nimemwambia likizo ikianza naja nalo, nawapakia wote wawili, tunakuja kuishi pamoja huku. Leseni sina, ila miaka saba naendesha lori la mawe machimboni na kule hakuna anayeuliza.

Sasa sikiliza. Ndani ya uwanja wa kambi gari linakwenda vizuri, njia ya vumbi ya machimboni linakwenda vizuri. Tatizo ni pale njia yetu inapokutana na barabara kuu, ndiyo barabara ya kwetu. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita mchana, jua utosini, Kasuku kiti cha nyuma anaongea, mchomeleaji kushoto kwangu ameweka miguu yote miwili juu ya dashibodi kama yuko kitandani. Nakaribia kuingia barabarani nikasikia ko, ko, mara mbili, kama mtu kagonga dashibodi kwa kifundo cha kidole, na ile breki ya kushoto ikashuka. Haikuruka, mshauri, ilishuka taratibu, kama imekanyagwa na mtu asiye na haraka, gari likasimama. Mbele hapakuwa na kitu.

"Dereva," mchomeleaji akasema, "hapa ni kituo cha nani?"

Nikamwambia, "Mimi sijakanyaga."

Akazitazama zile kanyagio zilizo chini yake, akaitazama miguu yake iliyo juu, akaikunja na kuikalia pale pale kitini. Kasuku akanyamaza. Sijawahi kumsikia Kasuku akinyamaza, hiyo peke yake ilinitia baridi.

Mara ya pili nilikuwa peke yangu, asubuhi, mahali pale pale. Ko, ko, breki chini. Nikagusa kiti cha kushoto nikakuta kina joto, nikajiambia ni jua, lakini jua lilikuwa linapiga upande wangu. Na kile kioo cha pili nikikigeuza kitazame nyuma, kesho yake nakikuta kimenigeukia, ukikaa kwenye usukani unayaona macho yako mwenyewe.

Mara ya tatu ni juzi. Nilikata kipande cha mti nikakigongomea kwa nyundo chini ya ile breki ya kushoto isiweze kushuka, nikasema leo tuone nani mbishi. Nikafika pale. Ko, ko. Breki haikushuka, lakini ule mti ukaanza kulia, ulilia kama ngazi ya mbao inayopandwa na mtu mzito, nikaona unachanika kati, na kwa hofu nikakanyaga breki yangu mwenyewe. Mti ukanyamaza. Nikakaa pale, njia nyeupe, hakuna gari wala kuku aliyevuka.

Mchomeleaji anasema nimpelekee gari azikate zile kanyagio za kushoto na kile kioo aking'oe, kazi ya nusu saa. Kasuku anasema nikikata nitakuwa nimemkata mtu mguu. Jana mke wangu alipiga simu nikamweleza nusu, akasema, "Baba, njoo hata kwa miguu." Binti akamnyang'anya simu akauliza gari lina rangi gani. Likizo yangu inaanza Jumamosi. Mshauri, hiki kitu hakitaki nifike nyumbani. Nikate au nisikate?

Ni mimi,
Mtu wa machimbo

*

Ndugu yangu wa machimbo,

Usikate. Mwambie mchomeleaji aweke mashine yake chini, kisha uendelee kusoma.

Pole kwa miaka saba, na pole kwa hofu. Nimekaa na barua yako siku mbili, na nilipofika kwenye ule mti unaolia niliinuka nikafunga dirisha, na wala hakukuwa na upepo. Kwa hiyo sikucheki. Ila kukugombeza nitakugombeza, maana jambo kubwa kuliko yote umelipitisha katikati ya barua kimya kimya, kama mtu anayerudi nyumbani kwa mlango wa uani. Leseni huna. Ulitaka kumpakia mke wako na mtoto uliyemkosa miaka saba, uwaingize barabara kuu, na ujuzi wako wote ni wa kuzunguka kwenye mawe ambako hakuna mtu anayevuka. Tangu uanze kuendesha hilo lori umetazama kioo mara ngapi? Jijibu mwenyewe, mimi usiniandikie.

Kwa kuwa hukupita shule ya udereva, hujui ulichoniandikia. Mimi nilipita, tena nilifeli mara mbili, kwa hiyo nalijua hili vizuri. Katika mtihani, mtahini akigonga dashibodi maana yake ni moja: simama sasa hivi, hata kama mbele hakuna kitu. Mimi nilipogongewa niliitikia "karibu," nikafeli. Na kile kioo cha pili hakitazami barabara. Ni cha mwalimu, anakigeuza kwenye macho ya mwanafunzi ili aone kama yanatazama vioo au yamelala. Na mwalimu yeyote mwenye akili atakuacha uzunguke uwanjani na kwenye vumbi mpaka uchoke. Barabara kuu hakuachii mpaka uive.

Unasema hakitaki ufike nyumbani. Isome tena barua yako. Mara tatu kimekuzuia kufanya jambo ambalo hata mama yako, kama angekuwa kwenye kiti kile, angekuzuia.

Ni nani? Sijui, na sitajifanya najua. Huenda chuma kinachounganisha breki hizo mbili kimelegea. Mwite fundi makenika, siyo mchomeleaji, alale chini ya gari akikague. Akikuta kibovu, atengeneze, tumshukuru. Lakini chuma kilicholegea hakigongi kwanza ndipo kikanyage. Hilo nalijua mimi na unalijua wewe.

Jumamosi panda basi. Usinibishie. Mke wako amesema hata kwa miguu, na mwanamke akisema hivyo hangojei gari, anangoja mtu. Binti mwambie gari ni jeupe, na kwamba baba yake na gari lake wako shuleni kama yeye. Atacheka, na atakungoja vizuri zaidi kuliko alivyongoja ile ahadi. Ukirudi jiandikishe shule ya udereva wiki hiyo hiyo, uanze tangu mwanzo kama mtu asiyejua kitu, maana hujui kitu. Gari likae. Ule mti utoe leo. Kile kioo usikiguse tena.

Kuna jambo uliliandika bila kuliona. Mara ya tatu, ulipokanyaga breki mwenyewe, mti ulinyamaza pale pale. Ndivyo mwalimu anavyoondoa mguu wake.

Basi siku leseni itakapokuwa mfukoni, ingia peke yako, funga mkanda, tazama vioo vyote, uende mpaka pale njia yenu inapokutana na barabara kuu. Ukigongewa, simama mwenyewe kabla hujasimamishwa. Halafu usiondoke, subiri. Nadhani utasikia mlango wa kushoto ukifunguliwa. Usigeuke kutazama. Sema ahsante, mwalimu, ngoja mpaka mlango ufungwe, kisha uwafuate watu wako.