Mama, Hakuna Aliyeniona Nikipiga Kura

Mama,

Jana nilipiga kura ya mchujo wa urais hapa Adelphi, huku ughaibuni, na moyo umekuwa mwepesi mpaka nimeona nikuandikie, ingawa huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Unakumbuka ule ukumbi wa shule, kule kwenye jimbo la baridi tulikoishi kwanza? Mchujo wa chama kule haukuwa na karatasi za kura. Kila mgombea alipewa kona, na watu wakasimama humo wahesabiwe mbele ya majirani. Wewe ulibadilishana zamu ya kulea wazee ili ufike. Wenzako walionyimwa ruhusa hawakuhesabiwa kabisa. Njiani uliniambia kona yako, ukitabasamu. Tulipoingia, bosi wako alikuwa kona nyingine, akakupungia mkono. Ukaenda kona yake.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na mdomo mkali. Kwenye gari nikakuita mwoga. Ukasema tu, "Mwanangu, mlolongo naujua mimi." Kenya ulishaona watu wakijipanga nyuma ya picha za wagombea, chifu akikariri nani yuko wapi. Babu alisimama nyuma ya picha isiyotakiwa na wakubwa, na duka lake likafungwa. Nilijua hayo yote, na bado nilikununia wiki nzima.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa mimi ndiye ninayelea wazee, na jana bosi wangu, Mkenya mwenzetu, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akaniuliza kwa sauti, "Haya dada, una-vote nani leo?" Nikacheka tu, nikachukua karatasi yangu, nikasimama nyuma ya kile kizuizi kidogo cha kuficha kura, nikajaza kiduara nilichotaka. Mashine ikaimeza karatasi. Basi! Leo asubuhi bosi kanisalimia kama kawaida, na zamu zangu ziko palepale.

Nililia kwenye gari, Mama, lakini ni kwa faraja. Hukuwa mwoga. Ulikuwa na mtoto wa kulisha, na bosi wako alikuwa anakutazama. Nisamehe.

Nasikia hata jimbo lile limeacha mambo ya kona, siku hizi wanapiga kura kwa karatasi. Laiti ungeiona hiyo siku.

Pumzika sasa. Nakuahidi kila uchaguzi nitakwenda, niwe nimechoka vipi, na nitachagua ninayemtaka kwa ajili yetu sote wawili. Najua unataka kuuliza jana nilimchagua nani.

Hata wewe, Mama, sikwambii.

Binti yako